Somo: Kusoma mashamba ya kale ya Engaruka kwa picha za anga na vipimo vya ardhini

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, kuna mashamba ambayo sehemu kubwa yake haijalimwa tangu karne ya 18. Watu wa Engaruka ya kale waliyajenga kwa mawe matupu, wakayanywesha kwa mifereji iliyotoka kwenye mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 20. Ukisimama katikati yake saa sita mchana unaona mawe na migunga, basi. Ukilitazama kutoka juu jua linapochomoza, viunga, yaani vipande vidogo vya shamba vilivyozungushiwa mawe, vinajitokeza kimoja kimoja kama miraba ya mkeka.

Katika somo hili lote nitawarudisha kwenye swali moja: je, maji yangeweza kupita hapa? Mashamba haya yaliishi kwa maji. Mstari usiojibu swali hilo usiuchore kwenye ramani yako.

Hatua ya 1: Anza na picha za bure

Fungua Google Earth kwenye kompyuta, nenda Engaruka, kisha rudisha picha za miaka ya nyuma. Linganisha picha ya mwisho wa kiangazi na ile ya wiki chache baada ya mvua. Penye mawe nyasi hukauka mapema. Penye udongo laini uliojaa ndani ya mfereji hubaki za kijani siku kadhaa zaidi.

Picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, nazo ni za bure, lakini kila nukta yake ni mita 10 za ardhi. Ukuta wa nusu mita hauonekani humo. Zitumie kufuatilia majani, si kuta. Ukiweza kupata picha za satelaiti za Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995, zichukue. Zinaonyesha ardhi kabla ya nyumba na mashamba mengi ya leo.

Hatua ya 2: Fuata kivuli

Satelaiti nyingi za picha hupita katikati ya asubuhi, saa nne hivi. Huku kwetu karibu na ikweta jua limeshapanda, kivuli ni kifupi, na ukuta wa kufika gotini unapotea. Hapo ndipo droni inapolipa. Irushe saa moja asubuhi. Usisubiri jioni: ukuta wa Bonde la Ufa uko magharibi mwa mashamba, jua hujificha nyuma yake mapema na kila kitu kinaingia kwenye kivuli kimoja.

Kabla ya kurusha, pata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kibali cha utafiti, na idhini ya serikali ya kijiji. Picha zipishane kwa asilimia 70 hadi 80 ili programu iweze kuzishona na kukutengenezea ramani ya miinuko. Kwenye ramani hiyo unaweza kuliweka jua popote. Limulike kutoka kaskazini, kisha mashariki, kisha kusini. Ukuta unaokwenda sambamba na mwanga haupigi kivuli, kwa hiyo mwelekeo mmoja hautoshi.

Hatua ya 3: Chora, kisha uliza maji

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilichora mstari wenye urefu wa zaidi ya mita 300, mzuri, umepinda kama mfereji hasa. Nilipopima mwinuko wa ardhi kila baada ya mita 20, mstari ulishuka, ukapanda mita moja na nusu, ukashuka tena. Maji hayapandi. Mzee mmoja mfugaji niliyemwonyesha picha alisema mara moja: "Hii ni njia ya ng'ombe, inakwenda mtoni."

Tangu siku hiyo kila mstari naupima. Mfereji hushuka kidogo kidogo ukizunguka mwinuko, na kingo za viunga huishia kwake. Njia ya ng'ombe hugawanyika na kuungana tena, na hukata kingo bila kujali.

Hatua ya 4: Tembea

Nenda na mwenyeji. Ndani ya kiunga shika udongo: watafiti wameonyesha kuwa baadhi ya viunga vilijengwa kwa kunasa tope lililoletwa na maji, tabaka juu ya tabaka. Udongo laini upande mmoja wa mawe na changarawe upande wa pili ni ushahidi mzito.

Hatua ya 5: Vipimo vya ardhini

Tandika kamba miraba ya mita 20 kwa 20, mistari iachane mita moja, soma kifaa kila nusu mita.

Kipimo cha ukinzani wa umeme ndicho ninachokipenda hapa. Mawe huzuia umeme, tope lenye unyevu huupitisha. Fanya kazi wiki chache baada ya mvua. Katika kiangazi kikali vijiti havigusani vizuri na udongo. Rada ya ardhini, inayotuma mawimbi ya redio udongoni, ni kinyume chake, inataka ukavu, maana mfinyanzi mbichi huimeza.

Magnetomita, kifaa cha kupima sumaku ya ardhi, itakusumbua. Mawe ya volkano yana sumaku yake, yaliyoipata yalipopoa, na kila jiwe lililong'olewa na kupangwa ukutani linaelekea upande wake. Unapata kelele tupu. Hata pale inapofaa, vua mkanda, funguo na simu. Nimewahi kurudia mraba mzima kwa sababu kijana aliyeshika kamba alikuwa na sime kiunoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu. Naweza kuanza?

Marahaba. Anza hatua ya 1 kwenye simu, piga picha za skrini, chora juu yake. Kupima miteremko kutahitaji kompyuta. QGIS, programu ya kutengenezea ramani, ni ya bure.

Kaka, mashine ya kutafutia dhahabu inaweza kusaidia?

Hapana. Inatafuta chuma na metali nyingine karibu na uso wa ardhi, na sisi tunatafuta mawe na tope. Tena mtu akiisikia inalia atataka kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila leseni, na kiunga kilichochimbuliwa hakisomeki tena.

Mwalimu, kwetu Upare hakuna kuta nyingi za mawe. Nitafute nini?

Tafuta ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji. Kwenye picha ya kiangazi litaonekana kama doa la mviringo au nusu mwezi, mfereji ukiingia juu na mwingine ukitoka chini. Kwanza waulize wazee majina ya ndiva zilizokauka, uziweke kwenye ramani. Ukishakuwa na mbili tatu, fuata mwinuko kutoka ndiva kwenda juu, mita baada ya mita, mpaka ufike kwenye kijito. Mfereji wa zamani utakuwa umepita hapohapo, hata kama leo juu yake pana migomba.