SOMO: Kupuliza dawa ya gugu maji kwenye lambo la kijiji bila kuua samaki

Mbukwenyi wakuu. Kila mvua zikikatika naletewa ujumbe uleule: "Lambo limefunikwa, nipige dawa gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa. Nashughulika na malambo ya vijiji Chamwino na Bahi, mengi yanatumiwa na watu na ng'ombe kwa pamoja. Haya ni maji ya umma. Shambani kwako ukikosea unakula hasara peke yako. Hapa unakosea kwa niaba ya kijiji kizima.

1. Ujue mmea. Gugu maji linaelea, shina la jani limevimba kama puto, ua ni zambarau. Matete na mafunjo yana mizizi ardhini na ndiyo yanayoshika udongo wa kingo. Yaacheni.

2. Kama limefunika chini ya robo ya lambo, dawa ya nini? Vijana kumi, reki, kamba na mtumbwi mmoja wanalitoa. Lianikeni mbali na maji, likauke kabisa.

3. Kibali. Mwenyekiti wa kijiji hatoshi. Maji yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde, na Dodoma tuna mabonde matatu: upande wa mto Kinyasungwe ni Wami/Ruvu, Bahi upande wa mto Bubu ni Bonde la Kati (ofisi Singida), kuelekea Mtera ni Rufiji (ofisi Iringa). Andika barua, ambatanisha muhtasari wa mkutano wa kijiji na jina la dawa. Dawa yenyewe lazima iwe imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu.

4. Dawa. Glaifoseti, lakini siyo ile yoyote ya dukani. Nyingi za shambani zimechanganywa na kinatishi, kitu kama sabuni cha kuifanya dawa ishike kwenye jani, na hicho kinatishi ndicho kinachounguza mashavu ya samaki na viluwiluwi. Tafuta ambayo lebo yake inaruhusu kutumika majini. Usipoipata, rudi hatua ya 2. Kipimo ni cha lebo, siyo cha jirani. Changanya kwa maji safi. Mimi hubeba ya mvua kutoka kwenye simtanki. Ukichota tope la lambo, dawa inajishika kwenye udongo ndani ya bomba la kupulizia na unapuliza maji matupu.

5. Pima bomba. Tia maji tupu, puliza mita 10 kwa 10 nchi kavu kwa mwendo wako wa kawaida, angalia yamepungua lita ngapi. Zikiwa 2, basi hekta moja inakula lita 200, na bomba la lita 16 linamaliza mita za mraba 800.

6. HAPA SOMENI POLEPOLE. Usipulize lambo lote kwa siku moja.

Mwaka 2019 nilifanya hivyo. Nilikuwa na kibali, dawa sahihi, asubuhi tulivu isiyo na upepo, na kufikia saa nne lambo lote lilikuwa limeloa. Siku ya saba majani yakawa manjano, watu wakanipongeza. Siku ya kumi na moja, alfajiri, mchungaji akaja kunigonga. Nilikuta perege wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanafunguka na kufumba kama mtu anayetafuta pumzi. Jua lilipotoka vizuri walikuwa wameshageuka matumbo juu. Kambale tu ndio walibaki, kwa sababu kambale anaweza kuvuta hewa ya juu. Akina mama waliokuwa wanauza samaki wale walisimama ukingoni hawasemi kitu. Harufu ilikaa wiki tatu na ng'ombe walikataa kunywa.

Dawa haikuwaua. Uozo ndio uliowaua. Gugu likifa linazama, vijidudu vinavyolila vinatumia oksijeni ya maji, na maji ya moto ya kwetu yana oksijeni kidogo tangu mwanzo. Alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi kwa kuwa usiku kucha kila kilicho hai majini kimepumua bila jua kurudisha chochote. Kwa hiyo:

Puliza theluthi moja tu, au pungufu. Anzia ukingoni ukielekea kwenye maji wazi, samaki wapate pa kukimbilia. Subiri siku 14 kamili kabla ya theluthi ya pili. Katikati ya hapo nenda alfajiri, siyo saa sita mchana. Ukiona perege wanahema juu, simama, na anza kuvuta mizoga ya gugu nje kwa reki. Yanayokufa ukiweza kuyavuta yote, yavute.

7. Mabuti ya mpira, glavu, miwani, ovaroli, na asiwepo mtu peke yake kwenye mtumbwi.

8. Tangazo kijijini kabla na baada. Lebo za glaifoseti ya majini za Marekani zinakataza kupuliza ndani ya nusu maili, kama mita 800, kutoka mahali panapochotwa maji ya kunywa. Lambo letu dogo haliwezi kutimiza hilo, kwa hiyo lazima kijiji kiwe na kisima kingine kinachotoa maji. Kama hakipo, hakuna kupuliza.

9. Galoni: suuza mara tatu, maji ya suuzo rudisha kwenye bomba, toboa galoni. Nimeshaona galoni ya dawa imewekewa mafuta ya kupikia.

MASWALI

Kijana wa Mpwapwa: Mkuu nimepitia haraka haraka, ni vizibo vingapi kwa bomba?
Jibu: Hatua ya 4. Pitia polepole.

Chalinze Nyama: Nimebakiwa na parakwati ya shamba. Nikiimwaga kwenye mfereji inafaa?
Jibu: Hapana. Funda moja inaua mtu na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Watoto wanakunywa mfereji huo.

Mtu wa Bahi: Kwa hiyo uliua samaki wa kijiji, leo unatufundisha?
Jibu: Ndiyo, niliwaua, na ndiyo maana hatua ya 6 ni ndefu kuliko zote. Mwaka uliofuata nilinunua vifaranga vya perege kwa hela yangu. Kama una njia bora iandike, nitaisoma.

Binti Ihumwa: Shikamoo. Mbona lambo letu lilikaa miaka bila gugu, likaja ghafla? Na likiisha halirudi?
Jibu: Marahaba mwanangu, hili ndilo swali. Asili yake ni Amerika ya Kusini, watu hulibeba kwa uzuri wa ua. Likifika kwenye maji yenye samadi linashiba. Katika hali nzuri huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ng'ombe wakiingia lamboni wanalilisha. Jengeni mabirika ya kunyweshea nje ya uzio, na mita 60 zile za Sheria ya Mazingira ya 2004 ziheshimiwe, pasilimwe. Kurudi litarudi: mbegu hukaa topeni hata miaka 20. Lakini kiangazi cha Dodoma kinatusaidia. Septemba, Oktoba maji yakishuka pitieni tope la kingo, na mvua zikianza rudini tena. Miche utaiona midogo kama ya mchicha, mtoto wa shule anaing'oa kwa vidole.

Mwl. Kondoa: Ziwa Victoria walitumia wadudu. Kwa nini sisi tusitumie?
Jibu: Mwalimu, ni mbawakawa wadogo wa jamii ya Neochetina, waliachiwa ziwani miaka ya 1990. Mkubwa anakwangua jani, mtoto wake, ambaye ni funza, anatoboa shina mpaka mmea unazama. Ni kazi ya miaka, na lambo likikauka nao wanapotea na gugu. Kuwaleta ni kwa idhini ya serikali. Pale walipo, usipulize sehemu yote, waachie chakula.

Zabibu Hombolo: Jirani anataka kupiga 2,4-D, ile dawa ya magugu ya mahindi, kwenye gugu la mfereji. Zabibu zangu ziko mita 50. Niogope?
Jibu: Ogopa, dada, na kaongee naye leo. Zabibu ni dhaifu mno kwa 2,4-D, hata mvuke. Ya aina ya esta inapanda hewani na joto la mchana na kuhama shamba. Jani linakunjika kama pepeo la mkono, mishipa inajipanga sambamba, vichala vinapukutika. Mbaya zaidi ni mkishapogoa na machipukizi yametoka, na ninyi mnavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo machipukizi ni karibu kila msimu. Mwambie avute kwa reki.

Zabibu Hombolo: Asante sana. Bomba langu lilipiga 2,4-D kwenye mahindi mwaka jana. Nikilisuuza mara tatu naweza kulitumia kwenye zabibu?
Jibu: Usilitumie. Mpira wake umeshanyonya dawa na utaitoa kidogo kidogo. Lipake rangi nyekundu, libaki la mahindi, la zabibu nunua lingine.