Dada wa Kazi Akiachishwa Nairobi: Namna ya Kumsaidia Kudai Malipo Yake

Kabla ya kuzungumzia pesa, pata tarehe mbili: ya kuanza kazi na ya kuondoka. Madai mengi huangukia hapo. Dada anakumbuka alianza "karibu na Pasaka", mwajiri anasema ilikuwa Agosti, na miezi minne ya jasho inapotea hivi hivi.

Ushahidi rahisi kuliko wote ni M-Pesa. Kupitia *334# ataomba taarifa ya akaunti yake, kisha mpige mstari chini ya kila mshahara ulioingia. Lakini angalieni kwanza laini imesajiliwa kwa jina la nani. Wasichana wengi hufika mjini bila kitambulisho, mwajiri akawasajilia laini kwa jina lake. Siku ya ugomvi laini hufungwa na taarifa haipatikani tena. Kama hali ni hiyo, piga picha za skrini za jumbe zote za malipo leo, uzitume kwenye simu nyingine. Aliyekuwa akilipwa taslimu atafute jumbe za WhatsApp ("nunua unga ukirudi" inatosha kuonyesha alikuwa kazini siku hiyo), soja wa geti, au mwenye kioski aliyezoea kumuuzia maziwa asubuhi. Majina na namba zao ziandikwe mapema, maana masoja huhamishwa.

Asiwe na hofu kwa kukosa mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aandike mkataba kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Asipoweza kuutoa mbele ya mahakama, kifungu cha 10(7) kinamtwika yeye mzigo wa kukanusha masharti ambayo dada anayadai.

Sasa hesabu. Tuseme dada alilala kazini Nairobi, alilipwa Sh10,000 kwa mwezi kwa miezi 14 kuanzia 2025, kisha akafukuzwa jioni moja bila notisi. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza 1 Novemba 2024 ni Sh16,113.75, kabla ya hapo, tangu Mei 2022, kilikuwa Sh15,201.65. Kila mwezi upimwe kwa kiwango cha wakati wake, na muulize ofisi ya leba (ofisi ya serikali inayosimamia masuala ya kazi) kama kimepanda tena.

Upungufu wa mshahara: 6,113.75 × 14 = Sh85,592.50.

Likizo: siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani siku 1.75 kwa mwezi. Kwa miezi 14 ni siku 24.5. Gawanya kima hicho kwa 26 (siku za kazi kwa mwezi) upate Sh619.76 kwa siku. Jumla ni kama Sh15,184. Kama aliwahi kwenda likizo ya malipo, siku hizo zitolewe. Ukizificha, mwajiri akazitaja, karatasi yako yote itatiliwa shaka.

Notisi: mshahara wa mwezi mmoja, Sh16,113.75.

Hapo ni takriban Sh116,890. Kama hakuwa mwanachama wa NSSF (hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii), ongeza malipo ya utumishi (service pay). Kiwango kinachotumika kwa kawaida ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni huongezewa posho ya nyumba ya asilimia 15 ya mshahara. Kulala kazini kunafuta posho hiyo tu. Hakumpi mwajiri ruhusa ya kushuka chini ya kima. Sahani zilizovunjika nazo hazikatwi ovyo: sheria inaruhusu makato ya kiasi kwa uharibifu wa makusudi.

Saa za ziada ndizo ngumu. Wiki ya kawaida ni saa 52, na karibu kila dada wa kulala kazini huzipita, ila bila daftari la kila siku ni nadra kuzithibitisha. Ziandikeni mkiwa na rekodi. Vinginevyo msizijaze kwa kukisia.

Mama fua anayekuja Jumamosi pekee yuko kwenye hesabu tofauti. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira humgeuza kibarua kuwa wa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi, na siku moja kwa wiki kwa kawaida haitoshi.

Kisha atume ujumbe, wa adabu na wa namba:

"Habari Mama Ryan. Nilifanya kazi kwako kuanzia 3/2/2025 hadi 2/4/2026. Naomba malipo yangu ya upungufu, likizo na notisi, jumla Sh116,890. Hesabu nimeiambatanisha. Naomba jibu ndani ya siku 7."

Asitishie, asitukane, na asirudi peke yake kuchukua nguo. Madai ya pesa mara nyingi hujibiwa kwa tuhuma za wizi. Aende na mtu mzima, mizigo ifunguliwe mbele ya soja, na ipigwe picha.

Siku saba zikipita kimya, nendeni ofisi ya leba na nakala za kila kitu. Afisa atamwita mwajiri. Huduma hii hailipiwi. KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wakiwemo wa majumbani, huwasimamia wanachama wake, na shirika la Kituo cha Sheria hutoa msaada wa kisheria. Ikifika mahakamani, mahakimu walioteuliwa husikiliza kesi za ajira za wenye mshahara usiozidi Sh80,000. Msipeleke Mahakama ya Madai Madogo: migogoro ya ajira haimo kwenye orodha yake, na mtapoteza miezi.

Muda wa kushtaki ni miaka mitatu, lakini kwa madhara yanayoendelea (yanayojirudia mwezi baada ya mwezi) ni miezi 12 tangu yakome, na upungufu wa mshahara umewahi kuhesabiwa humo. Fanyeni kana kwamba mna miezi 12.

Mkikubaliana nusu njiani, makubaliano yaandikwe mbele ya afisa na pesa zipite M-Pesa. Ile karatasi ya "sina dai lingine lolote" isainiwe baada ya ujumbe wa malipo kuingia.