Umeanza dawa ya thairoidi na unajisikia vibaya zaidi? Hesabu mapigo kila asubuhi

Mama mdogo hapa Nkuhungu alianza levothairoksini, dawa ya aliyepungukiwa homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili), mwezi wa kumi, wiki ya pili moyo unamdunda, usingizi hakuna, jasho tele, akataka kuziacha. Kilichosaidia ni hiki: ukiamka, kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu mapigo dakika nzima, andika kwenye daftari pamoja na saa uliyomeza kidonge. Kwa joto la Dodoma mwezi ule jasho halikuambii kitu, ila namba inakuambia. Mwili uliozoea kwenda taratibu unashtuka ukianza kusukumwa, na dawa yenyewe inachukua kama wiki 6 kutulia kwenye damu, ndo maana kipimo cha TSH (kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi ya thairoidi inatosha) wanarudia baada ya wiki 6 hadi 8. Daktari akiona daftari anajua kama dozi ipunguzwe au usubiri, usijikatie mwenyewe jamani. Kidonge ni na maji matupu, chai ya maziwa ingoje nusu saa mpaka saa moja, vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma) vingoje masaa manne, la sivyo dawa hainyonywi vizuri na daftari litakudanganya.

Njia hii ya daftari haifai kama kifua kinauma, pumzi inakata, unazimia, au mapigo yanaruka ruka au yanapita 100 umetulia. Hapo usiandike chochote, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa mzee au mwenye shida ya moyo.