Kuandika Wasifu Utakaokufikisha Kwenye Usaili

Mwajiri aliyepokea mamia ya maombi hasomi kila wasifu tangu mwanzo hadi mwisho. Hupitisha jicho kwenye nusu ya kwanza ya ukurasa, kisha huamua kama ataendelea. Kwa hiyo anza kwa kulisoma tangazo la kazi huku ukipigia mstari sifa zinazotakiwa, halafu hakikisha zile ulizonazo kweli zinaonekana mapema, kwa maneno yaleyale yaliyotumika katika tangazo.

Sehemu inayowaangusha wengi ni uzoefu wa kazi. Mtunza ghala huandika, "Nilihusika na shughuli za ghala," sentensi ambayo hata mlinzi wa getini angeweza kuiandika. Afadhali aseme: "Nilisimamia ghala lenye aina 400 za vipuri, nikahesabu mali kila Ijumaa na kuilinganisha na leja." Usibuni tarakimu, kwa maana utaulizwa.

Dini, hali ya ndoa na shule ya msingi viondoe, isipokuwa vimeombwa. Kurasa 2 zinatosha.

Kwa nafasi za serikali ya Tanzania zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambazo huombwa kupitia Ajira Portal, yaani mfumo wake wa maombi wa mtandaoni, majina yako yalingane na yaliyo kwenye vyeti. Yakitofautiana, shughulikia hati ya kisheria ya kubadili jina mapema. Wadhamini nao wapigie simu kabla hujawaandika, ili wasije wakashangaa wanapoulizwa habari zako.