Safu tatu za kaunta buku: ninavyosoma riwaya za majini na historia

Mwaka juzi niliwaambia wanafunzi wangu wa kidato cha pili, hapa Tanga, kuwa maharamia wa Bahari ya Hindi waliwahi kuisaka lulu ya Malkia Bilkisi, yule malkia wa nchi ya Saba, iitwayo Mwezi wa Saba. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha kidole: "Madam, yaani lulu inaitwa Julai?" Darasa zima likavunjika mbavu. Aibu yenyewe ilinipata usiku, nilipokumbuka nilikoitoa habari ile. Haikuwa kwenye kitabu cha historia. Ilikuwa kwenye riwaya niliyokuwa nikiisoma kwenye simu kabla ya kulala, The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, iliyotoka 2023.

Sikuziacha riwaya hizi zinazochanganya historia na majini na wachawi. Nilinunua kaunta buku.

Ila usianze na daftari. Kurasa hamsini za mwanzo zisome kama unavyosikiliza hadithi barazani, hata majina yakikuchanganya. Sisi walimu wa historia tuna ugonjwa wa kumkatiza msimuliaji, na ukimkatiza mapema hutajua anapenda kutia chumvi wapi. Huyu Amina, nahodha mstaafu wa maharamia wa karne ya 12, chumvi anaitia kwa viganja. Anamsimulia karani wake Jamal, na karani naye mara nyingine anaingilia kati. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika ni hili: nani anasema, na anamwambia nani.

Kisha piga mistari miwili wima upate safu tatu. Ya kwanza naiita Yalikuwepo, ya mwisho Ya Mwandishi. Wengi huishia na hizo mbili, halafu wanalalamika kwamba uchawi umeharibu historia. Safu ya katikati ndiyo yenye utamu: Yaliaminiwa.

Mfano ni Sokotra, kisiwa cha Bahari ya Hindi karibu na Yemen na Somalia, kinachopewa nafasi kubwa katika riwaya hii. Nilipokutana na uchawi wake, kalamu ilikwenda moja kwa moja safu ya tatu. Baadaye nikasoma masimulizi ya Marco Polo, yule msafiri wa Venisi, ya mwishoni mwa karne ya 13. Anasema watu wa Sokotra walikuwa Wakristo wenye askofu mkuu wao, na bado walikuwa wachawi hodari kuliko wote duniani. Chombo kikitweka tanga kwa upepo mwema, wao wanauita upepo wa mbisho, kinarudi kilikotoka. Askofu aliwakataza, hawakusikia. Huenda Polo aliyaokota maneno haya bandarini tu, lakini kwangu yanatosha: kuna mabaharia walioogopa uchawi huo kama walivyoogopa mwamba. Nikafuta, nikauhamishia katikati.

Na kuna mambo yanayohamia safu ya kwanza kabisa. Maharamia kuuvamia mji mkubwa kama Aden, bandari ya Yemen, nilidhani ni mbwembwe za waandishi. Kumbe mnamo 1135 mtawala wa kisiwa cha Kish, katika Ghuba ya Uajemi, alituma vyombo kuushambulia, na habari zake zimo katika barua za wafanyabiashara Wayahudi zilizohifadhiwa kwenye sinagogi la Cairo.

Safu ya kwanza mimi huijaza kwa upepo kabla ya wafalme. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na angeitupa baharini riwaya yoyote inayosafiri bila msimu. Marawati, chombo cha Amina, kinapokwenda Mogadishu kumfuata Majed, mchora ramani wa kwenye riwaya, naandika pembeni: upepo gani? Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi na kuvileta vyombo huku kwetu, kusi huvirudisha. Kusi ikikolea, kati ya Juni na Septemba, Sokotra haikaribiki. Mwandishi akikosea jini nitamsamehe, kwa kuwa jini halina ratiba. Akikosea kusi, ana kesi na babu.

Chunga karne pia. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, anatueleza wali wa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa alizokaribishwa Mogadishu, na ni raha kusoma, lakini alifika 1331, karibu miaka 200 baada ya wakati wa Amina. Falco, Mfranki (Mzungu wa Ulaya Magharibi) wa kwenye riwaya, naye msome ukikumbuka kuwa Yerusalemu ilitekwa na wapiganaji wa Msalaba mwaka 1099. Hilo moja linatosha. Usiache riwaya ukaanza kusoma historia nzima ya Vita vya Msalaba, utairudia lini?

Maelezo ya mwandishi ya mwishoni, kama yapo, yasome mwisho kweli, ukiwa na kalamu nyekundu. Mimi huhamisha vitu sita au saba kila mara. Malkia Bilkisi nimemweka safu ya katikati. Lulu sijaikuta popote nje ya riwaya, kwa hiyo iko safu ya tatu, na mbele yake nimeandika: Julai.