Kufunga saa ya ziada kwenye dashibodi ya gari

Kabla ya kununua saa, funua boneti uangalie betri. Gari ndogo za Japani, ambazo ndizo nyingi Unguja na Pemba, hutumia volti 12. Coaster nyingi za dizeli na malori ya Isuzu yana betri mbili zilizofuatanishwa kutoa volti 24, na saa ya volti 12 ikipewa moto huo, yaani umeme huo, inaungua. Hapo tafuta saa ya volti 24, au kipunguza umeme cha 24 kwenda 12.

Vifaa vyengine ni mita ya kupimia umeme, waya wa milimita 0.75 za mraba, kishikio cha fyuzi chenye fyuzi ya ampea 1, pasi ya kulehemu na risasi yake, na mpira wa kubana kwa joto.

Saa nyingi za tarakimu zina nyaya nne: moto wa kudumu unaotunza wakati, moto wa swichi unaowasha kioo, waya wa taa unaofifiza mwanga usiku, na arthi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Zote nne utazikuta nyuma ya redio. Kwenye Toyota nyingi, bluu yenye manjano ni moto wa kudumu, kijivu ni wa swichi, kijani ni wa taa, na kahawia ni arthi. Lakini gari iliyokwisha kubadilishwa redio usiiamini kwa rangi. Pima.

Fungua kwanza ncha ya hasi ya betri kwa spana namba 10. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche kubwa. Kama gari ina mifuko ya hewa (airbag), subiri angalau sekunde 90, na plagi zake za manjano usiziguse kabisa. Vuta fremu ya redio kwa kabari ya plastiki, taratibu, kwani plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi hukatika vishikizo vyake.

Rudisha betri ili upime. Weka mita kwenye volti 20 za DC (umeme wa betri), ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, nyekundu ichomeke nyuma ya plagi. Ufunguo ukiwa umezimwa, waya unaosoma 12 na ushei ndio wa kudumu. Geuza ufunguo hadi ACC, pale redio inapowaka kabla ya injini: uliotoka sifuri ukafika 12 ni wa swichi. Washa taa ndogo: utakaoamka sasa ndio wa taa. Weka alama kila mmoja kwa kitepu, kisha fungua tena hasi.

Kwenye maungio ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila ya kuumenya ni vya haraka, lakini hukata baadhi ya nyuzi na kuacha shaba wazi. Kwa hewa yetu ya chumvi, shaba hiyo inaota kijani, na saa inaanza kuzimika kila gari ikiingia shimoni. Menya sentimita 1, zungusha waya wako, lehemu, funika kwa mpira wa joto. Fyuzi iwe karibu na pale ulipochukua moto. Ukiiweka karibu na saa, waya wote ulio kabla yake hauna mlinzi ukichubuka.

Saa ya duara ya kawaida inataka tundu la milimita 52. Angalia kwanza kama nyuma kuna nafasi, na usitoboe juu ya mfuko wa hewa wa abiria. Usiiweke saa ya tarakimu juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele cha gari, maana joto la mchana hukitia weusi kioo chake. Chini ya redio panafaa zaidi.

Ikirudi 12:00 kila ukiwasha gari, waya wa kudumu umeungwa kwenye ACC. Ikifanya hivyo unapopiga stata tu, betri imechoka au arthi imelegea. Mwanga ukiwa hafifu mchana, waya wa taa umeingia kwenye moto wa swichi. Kioo kikiwaka usiku kucha, moto wa swichi umeungwa kwenye wa kudumu. Hili la mwisho lina gharama: saa inayokula miliampea 100 inamaliza nusu ya betri ya ampea-saa 45 kwa siku tisa hivi, na gari ulioiacha bandarini Mkoani, Pemba, ukavuka kwenda Unguja kwa wiki mbili huenda isiwake.

Kwa hiyo malizia kwa kupima. Zima kila kitu, funga milango, fungua hasi, uweke mita kati ya ncha na betri, ukianza na kipimo cha ampea 10. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, itaungua. Subiri nusu saa. Gari nzima isizidi miliampea 50. Ikizidi, chomoa fyuzi ya saa uone kama namba inashuka.