SOMO: Bima za zamani zinavyoweza kulipia usafishaji wa kiwanja chenye sumu huku Marekani

Wakuu habari zenu. Naona ndugu zetu wengi huku Marekani wananunua majengo au wanachukua biashara za drai klina na vituo vya mafuta, alafu siku ya kuuza benki inataka udongo upimwe, inakutwa perki (kemikali ya kufulia ya drai klina) au petroli imezama mpaka kwenye maji ya chini, na gharama ya kusafisha inazidi bei ya kiwanja chenyewe. Mtu anakata tamaa palepale wakati hela inaweza kuwepo kwenye makaratasi ya bima ya miaka ya 60 na 70.

Kwanini inawezekana? Kwa kemikali kama perki, sheria ya Superfund ya 1980 (sheria ya Marekani ya kusafisha viwanja vyenye sumu) inambana hata mmiliki wa sasa, hata kama sumu ilimwagwa na mwingine kabla sheria yenyewe haijatungwa. Ila bima za dhima za biashara (zinazolipia madhara unayodaiwa na wengine) za enzi zile nyingi ziliandikwa kwa msingi wa tukio, yani kinachoangaliwa ni madhara yalitokea lini, hawaangalii umedai lini. Bima ya 1968 ilishaisha muda zamani lakini kama kemikali ilikuwa inavuja mwaka huo, bado inawajibika.

Miaka ya kulenga ni kabla ya 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 70 kampuni zilianza kuweka kipengele cha kukataa uchafuzi isipokuwa ule wa "ghafla na wa bahati mbaya", na hapo mahakama za majimbo zimegawanyika vibaya sana, kuna zinazosema ghafla ni haraka, kuna zinazosema ni kitu ambacho hukukitarajia. 1986 ndio wakaleta katazo la moja kwa moja. Hata hilo Indiana halijafua dafu, maana kwenye kesi ya Kiger ya 1996 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilisema maneno yake hayaeleweki, ikampa ushindi aliyekata bima. Kwahiyo jimbo ulilopo lina uzito mkubwa.

HATUA YA 1. Andika historia ya kiwanja: nani alikuwepo, mwaka gani, kwa jina gani la kampuni. Bima inamfuata mtu au kampuni, haifuati ardhi. Ukinunua ardhi tupu bima ya mwenye zamani sio yako, ila unaweza kumdai yeye na bima yake ikaingia kumlipia.

HATUA YA 2. Saka makaratasi, na hapa ndipo kazi ilipo. Watu wanatafuta mkataba mzima wa bima wanaukosa wanaacha, wakati ushahidi umekaa pembeni: cheti cha bima alichopewa mwenye jengo, faili la mkopo benki, leja ya mhasibu, cheki zilizolipwa, droo za wakala wa bima, hata kesi ya zamani ya mteja aliyeteleza dukani maana kuna bima ilimlipa. Kwenye leja mstari mmoja unatosha kuanzia, tarehe, jina la kampuni ya bima, kiasi, na ukibahatika namba ya bima. Hio namba usiichezee, herufi zinazoitangulia mara nyingi zinaonyesha ni bima ya aina gani. Kuna watafiti kazi yao ni kufukua bima za kale tu, kama kiwanja kina thamani waajiri.

HATUA YA 3. Toa taarifa kwa maandishi KABLA hujatumia hela. Nasisitiza hili kuliko yote. Bima hizi zina sharti kwamba ukilipa kwa hiari yako bila ridhaa yao, hawarudishi. Na uchelewaji ni silaha yao nyingine. Andikia kampuni zote, za miaka yote, pamoja na zile za bima ya ziada ya juu (inayoanza kulipa bima ya kwanza ikifika kikomo). Kama jina limebadilika, ulizia idara ya bima ya jimbo nani alirithi.

HATUA YA 4. Omba wakutetee, yani wakulipie wakili na gharama za kujibu dai. Wajibu wa kutetea ni mpana kuliko wajibu wa kulipa, na kwenye bima nyingi za zamani gharama za utetezi hazikati kwenye kiwango cha bima. Lakini lazima kuwe na dai dhidi yako. Majimbo mengi barua ya serikali inayokutaka usafishe inahesabika kama kesi, California haihesabiki, mahakama yao ya juu kabisa iliamua hivyo 1998 kwenye kesi ya Foster-Gardner.

Wakijibu kwamba wanakutetea huku wanahifadhi haki zao (yani bado wanaweza kukataa kulipa baadaye) usitishike, ni kawaida. Watasema pia bima hailipii mali yako mwenyewe. Hapo maji ya chini ndio mkombozi wako kwasababu mara nyingi hayahesabiki kuwa yako. Wakitaka kuinunua bima yako irudi kwao, yani wakupe hela mara moja na bima ife, usisaini bila wakili wa upande wa waliokata bima, ukisaini umefunga mlango.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, kampuni ya bima ilishafilisika, nimeliwa?
Jibu: Hapana mkuu, majimbo yana mifuko ya dhamana ya kulipia kampuni zilizofilisika, ila ina ukomo na tarehe za mwisho kwahiyo fanya haraka. Na kama uchafuzi ulidumu miaka mingi, kampuni za miaka mingine bado zipo kwenye hesabu.

Swali: Nimepata cheti tu, masharti ya bima siyajui. Kinafaa?
Jibu: Kinafaa sana. Kampuni nyingi zilitumia fomu za kufanana, kwahiyo ukithibitisha kampuni, mwaka na aina, wataalamu wanaweza kuonyesha maneno yalikuwaje.

Swali: Mimi sina biashara, ni nyumba tu, tenki la mafuta ya kupashia joto limevuja chini ya bustani.
Jibu: Fukua bima za nyumba za miaka ya nyuma, za kwako. New Jersey wanafanya hivi mara kwa mara. Ila utahitaji mtaalamu aseme kama mafuta yamefika kwenye maji au kwa jirani, kama yako kwenye udongo wako peke yake watakukatalia. Na barua ya taarifa itume wiki hii, usisubiri majibu ya maabara.